Nzi wa Manyoya na Ziwa la Vilimani

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, ukungu umelala mabondeni Nyabiyonza, migomba inachungulia juu yake kama watu waliosimama majini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na mkoba mzito mgongoni. Nilimfuata Ta Kamuhanda, kama tunavyowaita wazee kwetu, baba yake Kokugonza, binti niliyetaka kumwoa. Mzee alikuwa amenialika twende kuvua kwa siku mbili katika ziwa dogo lililojificha kati ya vilima vya Kyerwa. Mwanangu, baba wa binti akikualika hivyo, usidhani anataka samaki tu.

Nami nilijiandaa kweli. Nilikuwa nimenunua Bukoba mjini kopo kubwa la nzi wa bandia, wale wanaofungwa kwa uzi na manyoya ya jogoo juu ya ndoana ili samaki wadhani ni wadudu. Walikuwa wengi, wekundu, wa njano, wa buluu inayometameta. Nilipenda kuwatazama hata kabla ya kuwatumia. Ili wapate nafasi mkobani, nililiacha blanketi nyumbani. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, lakini nani husikia maneno hayo akiwa kijana?

Tulitembea mchana kutwa, tukapita Mabira, tukapanda nyanda za nyasi ambako ng'ombe walionekana wadogo kama punje za maharage. Jioni wafugaji marafiki wa mzee walitupokea, wakatupa maziwa. Nililala nikitetemeka kwa baridi. Mzee hakuuliza blanketi langu liko wapi. Alinitupia nusu ya lake.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Tuliposhuka ziwani sikujua maji yanaanzia wapi na mbingu inaishia wapi. Mawingu yalikuwa chini, yakipita polepole kati ya matete, na nilihisi nikikanyaga vibaya nitaangukia angani. Mpaka leo, nikifumba macho, hulisikia lile ziwa likiwa kimya.

Nilianza na nzi mwekundu. Kimya. Nikamfunga wa njano, kisha wa buluu, kisha mwekundu mwingine mkubwa zaidi. Jua likapanda. Ta Kamuhanda alikuwa bado hajafungua hata mshipi wake wa kuvulia. Alikaa juu ya jiwe akitafuna punje za kahawa, macho majini.

Hatimaye akaniita. "Njoo uone." Akaingiza kiganja majini, akakitoa kimejaa mbawa nyembamba za kumbikumbi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imewatoa ardhini, wakaanguka ziwani, na kando ya matete samaki aina ya ngege walikuwa wakiwadokoa mmoja mmoja, taratibu, bila kishindo. Nilikuwa nimewapigia kelele samaki waliokuwa mezani.

"Lete kopo lako," alisema. Akapekua, akatoa nzi mmoja mdogo wa kahawia. "Huyu ulimwonaje?"

"Nilimwona hana sura, mzee."

"Wewe ndiye utakayemla?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akampunguza manyoya kwa kisu, akamfunga kwenye mshipi wangu, akanionyesha pa kumtupia. Haikupita muda, ngege wa kwanza akavuta, mzito, mpana kuliko kiganja. Tulipata wanane kabla ya adhuhuri.

Tukiwa tunapaa samaki, ndipo aliposema alichonileta nisikie.

"Kokugonza anataka kukukataa."

Kisu kilisimama mkononi mwangu.

"Umechagua kiwanja cha nyumba," aliendelea, sauti ileile ya chini. "Umechagua mwezi wa harusi. Umewaambia watu kwamba ataacha masomo ya uuguzi akae dukani kwako. Yeye ulimuuliza lini?"

Nilikuwa nimempelekea kanga nzuri, saa, viatu. Kumuuliza, hapana.

"Binti yangu si samaki," akasema, "lakini naona mvuvi ni yuleyule."

Tuliporudi nilikwenda kwao kabla hata ya kunawa. Nilimkuta Kokugonza anamenya ndizi uani. Nikamwambia, "Nimekuja kuuliza, si kusema." Alimenya ndizi tatu nzima kabla ya kuniinulia macho.

"Nataka kumaliza masomo," alisema. "Miaka miwili. Ukiweza kungoja, ngoja. Usipoweza, nenda salama."

Nilingoja. Haikuwa rahisi, rafiki zangu walinicheka, na mara moja nusura nikate tamaa. Lakini alimaliza, tukafunga ndoa kanisani Rugu, na watoto wengi wa vijiji hivi walianza kupumua mikononi mwake alipowazalisha mama zao. Hata wewe, mwanangu, usishangae, wewe pia.

Basi sikia. Kuuliza si ujinga. Kabla hujampa mtu kitu, kaa kwanza karibu naye, utazame, usikilize, ujue anahitaji nini. Zawadi uliyochagua kwa macho yako mwenyewe huenda umejipa mwenyewe. Na mkubwa akikukosoa kwa sauti ya chini, mshukuru, maana angeweza kunyamaza nawe ukapotea.

Mungu akupe macho yenye subira na masikio yasiyochoka. Akupe wa kukuuliza unataka nini, na moyo wa kumuuliza naye. Nenda na amani, mwanangu.