Kilio bila maiti mu sali ya paroki

Leo tumelia kilio, na hakuna muntu alikufa.

Mutungaji mumoja wa muziki ametoka kusoma Ulaya, akatuita hapa Kalemie tusikilize kazi yake mupya.

Mwanzo, kinanda kinaguguna kama panya mu gunia ya muhogo. Watu wanatazamana.

Halafu, kimya. Yeye mikono juu, macho amefumba. (Kumbe hiyo kimya njo muziki yenyewe!)

Sasa, kwetu, kimya mu mukutano njo nini? Kuheshimu marehemu! Papa mumoja akavua kofia, akasimama. Sali nzima ikasimama.

Mama Feza, mwenzangu wa korali, akaninong'oneza:
"Nani amekufa?"
"Sijui, Mama. Labda muntu wa kwao."

Maskini, machozi yakamutoka. Akaanzisha wimbo wa kilio. Jamani! Tukaupokea kwa sauti zote nne, mpaka wapita njia wakaingia kutoa pole.

Miye moyoni: tumemuharibia baba wa watu kazi yake.

Tulipomaliza akatugeukia, akainama mpaka chini.

"Asanteni sana. Hii sehemu njo ilinisumbua kuandika."

Niambieni: pole yangu nimupe, ao nibaki nayo?