Nyumba ya Mlango Mmoja

Babu yangu wa Rabai alipokwenda kununua mbuzi, hakumtazama mbuzi. Alikwenda moja kwa moja zizini, akainama, akanusa, akatazama maji ya mvua yatokea wapi na yaenda wapi. Wenye mbuzi walimcheka. "Mzee, mbuzi ni huyu hapa, zizi haliuzwi!" Naye huwajibu, "Huyu mmemwosha jana. Zizi hamkuliosha." Alikuwa mtu mgumu babu yule. Tumbaku yake hakumgawia mtu, na akikohoa kuku walitawanyika. Lakini mbuzi wake hawakufa ovyo.

Humkumbuka kila nikiwakumbuka wale mabwana wa Nairobi na mafuta yao ya kupikia ya kopo.

Ilikuwa miaka ya themanini, kila mwenye kiwanja Malindi ajenga hoteli. Mimi shule niliiona mlango tu, basi nilikuwa kibarua wa kufagia na kupanga viti katika nyumba moja iliyojiita nyumba ya utafiti wa soko. Zamani ilikuwa ghala la korosho. Tajiri wangu alipaka chokaa, akaweka feni, akatundika pazia refu upande mmoja, ikawa utafiti. Kampuni yenye kitu kipya cha kuuza, sabuni au majani ya chai, ilikodi nyumba ile. Tajiri akileta watu waonje na kuulizwa, na wenye kampuni wakikaa nyuma ya pazia wasikilize ukweli.

Ukweli! Pazia lenyewe liliishia juu ya vifundo vya miguu. Mama mmoja wa mtaa wetu wa Kisumu Ndogo, muuza mbaazi, aliniuliza kwa sauti, "Baba, hili pazia lenu lavaa viatu vya ngozi?" Wenziwe wakaangua kicheko, na vile viatu vikarudi nyuma. Baada ya hapo kila sabuni ikawa nzuri, kila chai tamu. Nani atakitia ila chakula cha mtu na mwenyewe amesimama papo hapo?

Na walikuwa wale wale kila mara, akina mama wa Kisumu Ndogo. Leo waletwa kama wake wa wavuvi, kesho kama wakulima. Walishazoea. "Leo sisi ni akina nani?" wakiniuliza mlangoni, kisha wajifunge leso inavyofaa.

Niliuvumilia upuzi huo kwa sababu moja. Tajiri aliniahidi kuniandika kazi ya kudumu. Mke wangu alikuwa amejifungua, nami nilichoka kuamka asubuhi nisijue kama nina kazi au sina.

Wenye mafuta walipokuja kuikagua nyumba, waliuliza kama feni zazunguka. Wakaketi kwenye viti, wakavisifu. Hakuna aliyeuliza watu wa kuonja watolewa wapi, wala nyumba ina milango mingapi. Ulikuwa mmoja tu, wa mbele. Niliwaambia kwa adabu, "Mabwana, mkileta watu wa mashamba, tafuteni nyumba yenye pahali pawili pa kukaa. Watu wetu hawali na kila mtu." Mkubwa wao, kijana aliyefunga tai katika joto lile, alinitazama kana kwamba ufagio umesema. Tajiri akacheka. "Huyu mfagiaji wetu apenda hadithi."

Kitu kimoja tu walikishikilia. Walitaka familia za shamba, kila familia na meza yake, ili wale pamoja kama watu wanaochekacheka katika picha ya kopo. Tajiri akaniambia, "Nenda kwenu Gede, lete watu. Ukilifanya hili vizuri, nakuandika."

Nikawaleta majirani. Mama mkwe wangu naye akaja badala ya mke wangu. Sasa kwetu mkwe si mchezo. Nikikutana naye njiani, mimi huingia majanini apite, na salamu zetu twasalimiana tukitazama chini. Nimwone akitafuna? Naye anione nikimeza? Afadhali nivue nguo sokoni. Kwa hivyo nilimweka na majirani, meza ya mbali ukutani, nami nikasimama kwangu mlangoni.

Ikaletwa sima na mchicha wa mafuta ya kopo. Kijana wa tai akatoka nyuma ya pazia na orodha ya majina mkononi. "Huyu mama mbona akaa na majirani? Familia yake iko wapi?"

Tajiri akaninyoshea kidole. "Mkwewe huyo."

"Vizuri sana! Keti naye. Mle sahani moja, mcheke kidogo."

Mama mkwe akajivutia leso usoni, akageukia ukuta. Jirani mmoja, bibi mwenye ulimi, akasema, "Mwanangu, kwenu mama mkwe hulishwa na mkwewe kama kinda la njiwa?"

"Ni chakula tu, mama."

"Ni chakula tu. Basi mlete mkweo wewe, tumtazame akila nawe."

Tajiri akanisogelea sikioni. "Keti. Tonge moja tu. Kesho nakuandika."

Nikakitazama kiti kitupu kando ya mama mkwe. Nilimfikiria mtoto nyumbani, sisemi uongo, kazi ya kudumu haikuwa kitu kidogo. Lakini yule mama alikuwa amebanwa ukutani, na mlango wa pekee uko mgongoni kwangu. Atoke, lazima anipite mimi. Ale, lazima nimwone. Watu waliokuja kusikia ukweli walikuwa wamemfunga mdomo hata asiweze kusema ana kiu.

Nikavua koti langu la kazi, nikakivalisha kile kiti.

"Mkwe wenu huyo," nikamwambia tajiri. "Mlisheni."

Nikatoka kumwachia mama mkwe mlango, nikashika njia ya Gede, na nyumba ile sikutia mguu tena.