Jamu ya Jamna Iliyochemka Bila Moto

Iko siku moja, mwanangu, haijawahi kunitoka kichwani. Ukinikuta jikoni nacheka peke yangu, mwiko mkononi, ujue ndiyo hiyo imerudi tena. Ilikuwa siku ya jamu. Jamu ya zambarau, hizi sisi huku tunaita jamna. Na usianze kuniuliza sukari vikombe vingapi, hiyo tutafika. Kila mtu siku hizi anataka vipimo tu, hadithi hataki.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Kwetu ni Buhehe, Usamia, na mume wangu alikuwa mtu wa Mwello, huko Tororo, kwa watu wanaoitwa Jopadhola. Nilipofika wakaniita Nyar Samia, binti wa Usamia, na hilo jina likakaa. Mpaka leo wako watu Mwello hawajui jina langu la kanisani.

Ile boma ilikuwa na mama wawili. Wa kwanza ni Mama Athieno, mama mkwe wangu, huyo mimi nilimwita Mama tu. Wa pili ni Adikini, mke mdogo wa Mzee, baba mkwe wangu, msichana karibu rika yangu, na alikuwa hajapata mtoto. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na jiko lake na mafiga yake. Na sheria yao ilikuwa moja: moto wa mwenzako huugusi. Hata kama wako umezima na mvua inanyesha, unasimama nje, unaita, unaletewa kaa kwa kigae. Kuingia hapana. Hawakuwa wanapigana, usielewe vibaya. Walikuwa wanasalimiana asubuhi, hiyo salamu inatosha mpaka kesho.

Sasa mjamna ulikuwa nyuma ya jiko la Mama. Mjamna haupandwi na mtu mzima, tawi lake linavunjika bila kukupa habari. Unatandika magunia chini, unachukua mti mrefu, unagonga. Zinanyesha! Na huwezi kuiba, kwa sababu ulimi unakuwa zambarau mpaka kesho. Mume wangu alikuwa anakataa kabisa, "Mimi sijakula," na meno yote meusi.

Mama alikuwa amefundishwa jamu na mke wa askari mmoja kule Rubongi, karibu na kambi, alikuwa anampelekea maziwa. Kwake jamu ilikuwa heshima kubwa. Chai bila mkate wa jamu, aliiona kama mgeni umempa maji ya kunawa akanywa. Na wageni walikuwa wanakuja. Athieno, binti yake wa kwanza, alikuwa anaposwa na watu wa Busia, upande wa Kenya.

"Hao watu wa Busia," Mama akasema, "wasirudi kwao waseme huku Tororo walipewa muhogo mkavu."

Shida ilikuwa sukari. Miaka ile upande wetu sukari ilikuwa kama dawa. Ilikuwa inavushwa kutoka Busia kwa kujificha, wengine chini ya omena, wale dagaa, ndani ya kikapu, wengine wanaifunga tumboni wanatembea pole pole kama wajawazito. Mama alikuwa nayo kidogo. Akaiangalia, akaigawa mafungu mawili, fungu kubwa likaenda kwa chai ya wageni. Lililobaki ndilo la jamu.

Tukapika. Unachemsha jamna na maji kidogo mpaka ngozi zipasuke, unasugua juu ya chujio, mbegu zinabaki juu, nyama inashuka chini. Unakamua limau. Unaweka sukari. Halafu unakoroga, na kukoroga ndiyo ilikuwa kazi yangu, kwa sababu bibi arusi hachoki.

"Koroga, Nyar Samia. Unalala?"

"Nakoroga, Mama."

"Mwiko unalala. Mkono wako unauangalia tu."

Jamu ikiiva inaruka, inachoma mkono kama siafu. Kuijua imeiva, unaweka tone kwa sahani baridi, unalisukuma na kidole. Likijikunja uso kama mzee aliyenusa samaki wa jana, epua. Lile letu halikujikunja. Lilikimbia tu kwa sahani.

Mama akasema, "Litajikunja ndani ya chupa."

Mimi nitasema nini? Mimi nilijua kukoroga.

Wakati huo Adikini alipita na mtungi wa maji kichwani. Akasimama mlangoni kwa Mama, nje, pale sheria inaporuhusu. Akaangalia sufuria. Akakaa hapo kidogo.

"Una neno, Adikini?" Mama akamuuliza, bila kugeuka.

"Hapana, Mama Athieno. Naona moto tu."

Akaenda zake. Hiyo tu. Tukajaza chupa, tukafunga, Mama akazipanga kwa kona ya nyumba yake, akazifunika na kitambaa cheupe kama watoto wa ubatizo.

Siku zikapita chache. Asubuhi moja tunachambua mchele, tukasikia ndani ya nyumba: puu! Kifuniko kimeruka mpaka kwa paa. Tukaingia mbio. Chupa inatoka povu, povu ya zambarau, inashuka ukutani. Hatujafunga mdomo, ya pili nayo: puu! Mama akapiga kelele, majirani wakaja, na jirani mmoja mwanamke, yule anayefika kabla hajaitwa, akashika kichwa.

"Jamu inachemka bila moto! Mimi nimezaliwa hapa, sijaona."

Mama akasimama. Akasema pole pole, "Nani alisimama mlangoni siku ile, akaangalia sufuria yangu?"

Hakuna aliyetaja jina, mwanangu. Hakuna kabisa. Lakini vichwa vyote vikageuka upande mmoja, kama mahindi kwa upepo, na huko upande ilikuwa nyumba ya Adikini.

Tena elewa uzito wake. Wageni wa Busia wako njiani. Wakisikia kwamba kwenye ile boma mke mwenza anarogea wenzake chakula, wataoa nani hapo? Athieno alikuwa analia tayari. Mama akamwambia Mzee huyu mwanamke asilale hapa wageni wakiwepo. Mzee alikuwa mtu wa kupenda amani mpaka inakuwa ugonjwa. Akakohoa, akasema, "Basi aende kwao kidogo. Wageni wakipita atarudi."

Kila mtu alijua hiyo "kidogo" ni ya namna gani. Mke asiye na mtoto, akirudishwa kwao na jina la mchawi, nani atakwenda kumchukua? Na jina litamtangulia njiani. Kwao wenyewe watamfungulia mlango nusu.

Adikini hakubishana. Aliingia ndani, tukasikia anafunga vitu, akatoka, akakaa kwa kizingiti chake na mzigo mapajani. Kwa desturi yao mke haondoki kabla dada mkubwa wa Mzee hajasikia maneno. Kwa hivyo tukamsubiri Shangazi Nyafwono.

Shangazi alitoka Rubongi kwa miguu. Mwanamke mnene, sauti ya kuitia ng'ombe, na kazi yake ni kupika kongo, pombe ya wimbi. Alifika akaketi, akaomba maji, akanywa yote, ndipo akauliza. Wote wakasema pamoja, jirani yetu ndiye alisema zaidi, na jamu si yake na mume si wake.

"Leteni huo uchawi niuone," Shangazi akasema.

Athieno akaleta chupa. Aliishika na majani ya ndizi, mkono ameunyoosha mbali kama amebeba nyoka. Shangazi akanusa. Akanusa tena. Akaingiza kidole.

"Shangazi, hapana!" Athieno akapiga ukelele.

Kidole kikaingia mdomoni. Watu wakarudi nyuma, wanangoja aanguke. Hakuanguka. Kidole kikarudi kwa chupa.

"Nyar Samia," akaniita. "Kijiko."

Nikaleta. Akala kijiko kimoja, akala kingine, akajipangusa mdomo na leso. Halafu akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani ameonja hiki kitu?"

Athieno akaanza kukunja yale majani ya ndizi.

"Nauliza lugha gani? Mtu amefunga mzigo hapa. Nani ameonja?"

Jirani akasema, "Sasa Shangazi, uchawi utaonjaje?"

"Kwa hivyo kuonja hamkuonja, lakini kutaja mmetaja." Akagonga kifuniko kwa goti. "Hii ni kongo. Kongo ya jamna, na ni tamu kuliko yangu. Nyinyi wote hapa mnapika pombe, povu mnaiona kila wiki, mnaipuliza, mnaicheka. Leo imeingia kwa chupa yenye kifuniko, imekuwa shetani?" Akageuka. "Mama Athieno. Sukari uliweka ngapi?"

Mama alikuwa anaangalia kuku. "Ya kutosha."

"Ya kutosha nani? Tunda likikosa sukari linajitafutia kazi nyingine."

Mzee akacheka, halafu akakumbuka ni kesi, akakohoa.

Hapo ndipo Adikini aliinuka kwa kizingiti. Akaja katikati ya uwanja, akaweka mzigo chini, akaufungua mbele ya watu. Gomesi yake moja, lile gauni la sikukuu. Leso. Sabuni. Na katikati, ndani ya karatasi za gunia la saruji, kitu kizito. Akakifungua. Sukari, mwanangu. Nyeupe, kavu, nyingi kuliko yote tuliyokuwa nayo kwenye ile boma.

"Kaka yangu alinivushia kutoka Busia," akasema. "Siku ile nilisimama mlangoni niseme iko. Nikaulizwa kama nina neno." Akakunja leso yake vizuri. "Sikuwa na neno. Nilikuwa na sukari."



Mama aliingia jikoni kwake. Tukasikia vyombo vinagongana, tukafikiri amekasirika, anajificha. Kumbe. Akatoka na ile sufuria kubwa kichwani, akavuka uwanja mzima watu wakimwangalia, akasimama nje ya jiko la Adikini.

"Hodi," akaita. "Moto wako uko? Wangu umezima."

Haukuwa umezima. Moshi ulikuwa unatoka kwa nyasi za jiko lake nyuma yake pale, sisi wote tuliuona. Jirani akafungua mdomo aseme, Shangazi akamtilia kijiko cha jamu ndani.

Adikini akajibu, "Uko. Ingia."

Na Mama akainama, akaingia. Huo mlango alikuwa hajawahi kuuingia tangu ulipojengwa.

Tukagonga jamna nyingine, tukapika upya kwa mafiga ya Adikini, na mimi nikakoroga, bibi arusi hachoki. Sukari aliipima Adikini. Tone likajikunja kwa sahani. Wageni wa Busia walikuja, walikula mkate wote, mzee wao mmoja akalamba kisu akifikiri haonekani. Athieno akaolewa. Zile chupa za kwanza Shangazi alikataa zimwagwe, akaondoka nazo, na watu walisema walimsikia akiimba njia yote mpaka Rubongi. Adikini yuko mpaka leo, ni bibi kama mimi. Jamna zikiiva ananipigia simu, ananiuliza, "Nyar Samia, unalala?"

Sasa nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, sina nyingine. Siku hizi hakuna haja ya chupa kuruka. Mtu anaandika kitu kidogo kwa simu, fulani ameroga, fulani ameiba, fulani ndiye alifanya kazi ya dada yako ikaharibika, na vichwa vinageuka vyote, mpaka watu wa Malaba wasiomjua wanageuka. Ukikuta vichwa vimegeuka, wewe usigeuze chako. Uliza lile swali la Shangazi: nani ameonja? Kama hakuna, basi nenda uonje mwenyewe au unyamaze, uendelee kuchuja jamna zako. Na ukiona mtu amesimama mlangoni kwako hasemi, usimuulize kama ana neno. Mwambie ingia. Hujui kwenye mzigo amefunga nini.

Na sukari, kwa sababu najua ndiyo ulikuwa unangoja: kikombe cha jamna iliyochujwa, kikombe cha sukari. Sawa kwa sawa. Usiibanie. Chupa uzichemshe, uzikaushe, na tone lisipojikunja usiseme litajikunja ndani.

Mungu akujalie mti unaozaa na mkono usiochoka kukoroga. Akupe nyumba ambayo watu wakifika mlangoni wanainama na kuingia, na jina lako likitajwa mahali usipokuwepo, awepo hapo mtu mmoja wa kuomba kijiko. Amina, mwanangu. Lete hiyo sahani baridi, tuone kama tone letu linajikunja.