Barua Niliyomwandikia Mrundi

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na pale Nyangoto, Tarime, wachimbaji waliosoma kiasi hicho tulikuwa wachache. Kwa hiyo niliandika barua za watu wote: za polisi, za posa, za kumwomba mwalimu mkuu ampokee tena mtoto aliyefukuzwa. Barua moja kati ya hizo ilimrudisha mtu kwao Burundi, alikokuwa akitafutwa auawe.

Alikuja kwetu miaka ile watu walipokimbilia dhahabu, kabla kampuni ya mgodi haijaweka uzio. Aliniambia mapema kwamba baba yake na kaka zake wawili walikuwa wameuawa. Alitaka kazi tu. Lakini maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yalishikwa kwa koo, na mgeni asiye na ukoo hakushuka. Nikajiona nina akili. Ukoo wetu uko pande zote mbili za mpaka, basi nikaandika kwamba huyu ni ndugu yetu, mzaliwa wa Kenya, na mwenyekiti wa kitongoji akagonga mhuri. Mrundi mwenyewe hakujua kusoma. Nilimwambia ni kibali cha kazi.

"Ndugu yetu mbona Kikurya hajui?" mwenye duara aliniuliza.

"Kule Kenya wameharibika, mura. Wanaongea Kiingereza hadi na ng'ombe."

Wakacheka, akashushwa.

Alichimba nasi miaka miwili. Alipokamatwa kwenye msako wa wageni aliomba hifadhi ya ukimbizi. Barua yangu walimkuta nayo mfukoni, ameifunga kwenye nailoni. Kamati iliyosikiliza ombi haikumuuliza neno juu ya barua hiyo. Ilimkatalia, ikaandika kwamba anayedanganya alikozaliwa anadanganya na hofu yake pia.

Wakili mmoja wa Mwanza, aliyeombwa na kanisa, alinifuata hadi shimoni.

"Mahakama Kuu haitaamua kama yeye ni mkimbizi," alinieleza. "Itaangalia kama waliomkatalia walimtendea haki, na kama sheria inaruhusu mtu kurudishwa mahali anapotafutwa. Nahitaji uape kwamba barua uliitunga wewe, yeye hakujua kilichomo. Muda wa kupeleka ombi unaisha Ijumaa."

"Nikiapa si nimekiri kosa?"

"Ndiyo, kaka. Utakuwa umekiri."

Akaniachia karatasi ya kiapo. Nilimwambia nitaongea na wazee kwanza. Sikuongea na mtu. Niliogopa jela, na zaidi niliogopa ukoo kujua kwamba niliwaingizia mgeni kwa jina lao. Nikaenda Mbalibali kwa dada yangu kuvuna mtama, ambao watu wa pale wangeuvuna wenyewe bila mimi. Nilikaa huko hadi Jumamosi.

Ombi lilipelekwa bila kiapo changu. Jaji akaona hakuna ushahidi kwamba kamati ilikosea, akalitupa. Mwezi haukuisha, Mrundi wetu akavushwa mpaka kurudishwa Burundi. Mrundi mwenzake, fundi cherehani wa Tarime mjini, ndiye aliyeniletea habari: aliuawa njiani, hajafika hata kijijini kwao.

Ndipo nikaenda Mwanza na karatasi nimeisaini. Wakili aliisoma amesimama.

"Hii ingetosha," alisema.

"Basi ipeleke sasa."

"Niipeleke kwa ajili ya nani?"

Akanirudishia. Nilimsihi aiweke kwenye faili, ili siku moja mtu asome kwamba marehemu hakuwa mwongo. Alisema faili limeshafungwa.