Msomaji Asiyefutika

Kazini walimwita Fundi, kwa kuwa ndiye aliyeijenga tovuti ya maktaba na hifadhidata yake, na kitu kikikwama hata kama ni bawaba ya mlango, anaitwa yeye. Safari hii uongozi ulitaka wasomaji wote wasioonekana kwa miaka mitano wafutwe. Si vizuri, walisema, kukaa na anwani na namba za simu za watu ambao hawaji tena.

Fundi aliipanga kazi jinsi makosa ya zamani yalivyomfunza. Kwanza akachukua nakala ya akiba. Pili akahesabu kabla ya kugusa: wasomaji elfu mbili mia tatu na sita. Tatu akazifunga amri zote pamoja, ili moja ikikataliwa, kila kitu kirudi kilivyokuwa. Mwenye haraka hufuta kwanza akalia baadaye, na Fundi alishalia vya kutosha.

Moja ilikataliwa.

"Kuna mtu amegoma huyu," alisema Miwani, mwenzake wa meza ya pili, akisogeza kiti. "Namba mia mbili na kumi. Ana kitabu bado."

Fundi hakushangaa. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe: msomaji mwenye kitabu mkononi hafutiki, maana ukimfuta, kitabu kitabaki kinadaiwa kwa mtu asiyekuwepo. Na namba mia mbili na kumi alikuwa mama yake.

"Si tukiandike kimepotea, yaishe?" Miwani akauliza. "Vingine vyote tulifanya hivyo."

"Hakijapotea."

Kilikuwa ndani ya mkoba wake, chini ya meza. Kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mama hakuwahi kuwa na mzinga hata mmoja, ila alipenda kujua mambo ya watu. Alifariki akiwa amekunja kona ya ukurasa wa mia moja arobaini na tatu. Tangu siku hiyo Fundi aliichaji simu ya marehemu kila Jumapili, kwa sababu kila Jumatatu saa nne asubuhi tovuti ilikuwa ikimtumia mama ujumbe: kitabu chako kimechelewa, tunakusubiri. Alijua fika kwamba ni mashine inayosema. Lakini duniani hapa ni mashine hiyo peke yake iliyokuwa bado inamsubiri mama yake, na yeye alitamani kusubiri nayo.

"Ni mama," alisema hatimaye.

Miwani, mtu wa mizaha asubuhi hadi jioni, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Pole, dada. Tunaweza kuwaambia bado tunachunguza."

"Nimewaambia hivyo mara mbili."

Akaubeba mkoba hadi kaunta, akakitoa kitabu, akakipitisha kwenye kisomeo, kile kimashine kinachosoma namba za vitabu. Simu ya mama ikatetemeka ndani ya mkoba. Fundi hakuhitaji kuisoma. Maneno ya ujumbe huo aliyaandika yeye miaka mingi nyuma jikoni kwao, mama akichungulia begani na kukosoa: "Mwanangu, asante peke yake ni kumfungia mtu mlango. Mwambie karibu tena." Hata hivyo aliisoma. *Asante kwa kukirudisha. Karibu tena.*

Alilia palepale kaunta, bila kujificha. Kisha akarudi mezani, akahesabu upya, akatoa amri. Elfu mbili mia tatu na sita. Hakuna aliyegoma.

Jumatatu iliyofuata saa nne ilifika na simu ya mama ilikaa kimya. Fundi aliitazama mpaka saa nne na robo, akainuka, akaenda kwenye rafu ya kilimo na mifugo, akakitoa kile kitabu cha nyuki.

"Wiki mbili tu hicho, dada," Miwani alimwambia akikiandikisha kwa jina la Fundi. "Ukichelewa tutakusumbua."

"Nisumbueni," alisema Fundi, akakaa dirishani, akafungua pale kona ilipokunjwa.