Dorosela na Sauti ya Mwanawe

Dorosela anafuma masweta ya wanafunzi mjini Makambako, katika chumba kinachotazama barabara ya kwenda Njombe. Kwa baridi ya huku sweta la shule si pambo, na kila Januari wazazi hujaa mlangoni kwake. Wateja wa zamani walijua utaratibu: unasimama mbele yake penye mwanga, unasema polepole, naye anakusoma midomo. Kwa kuwa sauti haikuwa na kazi, wengi waliacha kuitoa. Walichezesha midomo tu, kama watu wanaosali rozari kimyakimya.

Usikivu wake uliondoka miaka minane iliyopita kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na mimba ya miezi sita. Mtoto alizaliwa salama, akaitwa Nelly. Dorosela alimwona akilia, akicheka, akianza kusema, ila sauti yake hakuijua. Siku moja alimwuliza mumewe, Remmy, sauti ya mtoto ikoje. Remmy hupasua mbao porini na kurudi nyumbani Jumamosi. Alifikiri sana, akachukua daftari lake la vipimo, akaandika: "Nzuri." Dorosela alimpiga kwa daftari hilohilo.

Kwa hiyo mwaka jana, alipokubaliwa kupandikizwa kifaa cha kusikia Dar es Salaam, alikuwa na ombi moja tu: amsikie Nelly.

Daktari aliingiza ndani ya sikio uzi mwembamba wenye vituo ishirini na viwili. Kila kituo hupeleka umeme mdogo kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Sehemu ya nje hukaa nyuma ya sikio na kunasa kichwani kwa sumaku. Kifaa kilipowashwa, Remmy alikuwa wa kwanza kusema.

"Mama Nelly, unanisikia?"

"Nasikia bata ndani ya debe."

"Miaka saba yote, halafu shukrani ndiyo hiyo!"

Miezi ikapita, bata akageuka mtu. Dorosela alijifunza upya kengele ya kanisa, maji yanayochemka, na upepo wa Makambako unaogonga mabati. Wateja nao walianza tena kumsemesha kwa sauti, naye akawa anaelewa sentensi fupi bila kuwatazama.

Lakini Nelly alipomgeukia mama yake, hapakuwa na kitu. Dorosela aliona midomo, akaelewa kwa macho kama siku zote, ila sikioni palikuwa kimya. Watoto walipocheza nje alisikia kelele zao zimefungamana, asijue ipi ni ya mwanawe. Hakumwambia mtu. Alianza kukivua kifaa kila Nelly alipokaribia kutoka shule, ili ukimya huo uwe ule wa zamani, usiomuumiza.

Mtaalamu wa usikivu, kijana aitwaye Edson, huja hospitali ya Njombe kila baada ya miezi mitatu. Safari hii Dorosela alikwenda na Nelly, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Edson aliunganisha kifaa na kompyuta, na Dorosela akasema lililomkaa moyoni.

"Daktari, huo mshipa una sehemu ya sauti za watoto? Nadhani kwangu imekufa."

Edson hakucheka. Alipima vituo kimoja kimoja. Kila alipopeleka umeme, mstari kwenye skrini uliinuka na kushuka: huo ndio mshipa ukijibu. Alipofika cha mwisho akageuza kiti.

"Vyote ishirini na viwili vimejibu, mama. Sauti nyembamba, sauti nzito, zote."

"Kama mshipa unajibu, mbona mwanangu simsikii kabisa?"

"Mshipa ni kama barabara ya hapo kwenu. Lori likifika salama, bado mtu lazima ashushe mzigo na kuufungua. Ubongo ndio unafungua, na unajifunza taratibu. Lakini kusikia kimya kabisa..." Alikuna kidevu. "Nelly, njoo hapa, mdogo wangu."

Alimpa orodha ya maneno na kipande cha boksi cha kuziba mdomo, ili mama asisome kwa macho. Nelly, ambaye yuko darasa la pili na anajivunia kusoma, aliinua boksi. Dakika ikapita. Dorosela alitikisa kichwa, machozi yakaanza kumlengalenga.

"Unaona, daktari? Hakuna kitu."

Edson alikuwa ameinama, akichungulia nyuma ya boksi.

"Nelly, mbona husomi?"

"Nimeshasoma yote," Nelly akamjibu kwa sauti kali. "Nimefika kwenye 'ndizi'."

"Mbona mimi sijasikia?"

"Namsomea mama. Mama hasomewi kwa sauti, anasomewa kwa mdomo."

Mtoto alikuwa amejifunza kusema akiwa mapajani mwa mtu asiyesikia, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya mama: midomo bila sauti. Hakuna aliyegundua, maana mtaa mzima ulikuwa umeishi hivyo.

Nelly alipomjibu Edson, Dorosela alikuwa amesikia kitu chembamba kikipita, kama uzi kwenye tundu la sindano. Alimshika mwanawe mikono. "Sema tena. Na mimi niambie kwa sauti hivyohivyo."

Nelly alitazama chini. Midomo ikacheza, bila sauti: Naona aibu.

Walitoka wakakaa kwenye benchi uani, penye jua. Dorosela hakumlazimisha. Alitoa mkobani sweta alilokuwa akilifuma, akampa mtoto mgongo ili midomo isiwe na kazi, akaanza kuhesabu vitanzi.

"Tutakula nini kabla ya basi?" aliuliza.

Akafuma mstari mmoja, akafuma wa pili. Akaruka kitanzi. Ndipo nyuma yake, kidogo sana, ikaja:

"Chipsi."

Dorosela hakugeuka. Alimaliza mstari kwanza.

"Chipsi? Tumeacha gunia zima la viazi nyumbani, wewe unataka kununuliwa chipsi Njombe?"

"Umesikia!"

"Nimesikia. Nimekataa, lakini nimesikia."

"Chipsi mayai, mama!" Nelly akapaza sauti, hata wagonjwa wa benchi la pili wakageuka. "Mama! Chipsi mayai!"