Fisi Maji Kwenye Shimo la Muhogo

Harufu ya muhogo uliolowekwa, ile inayoweza kumwamsha marehemu na kumrudisha mbio kaburini, imenipata leo hapa Kasulu, uani kwa jirani. Nikainama kuchungulia pipa lake. "Umepoteza nini humo?" akaniuliza.

Nilikuwa mtoto. Mafuriko yalipopungua bondeni, nilimkuta mtoto wa fisi maji amekwama topeni peke yake, analia kwa sauti ya kuishinda kengele ya kanisa. Nikajiambia mnyama wa maji atapona kwenye maji, nikamtumbukiza katika shimo la mama la kulowekea muhogo mchungu. Akanywa. Muda si mrefu akalegea kama kitambaa, povu mdomoni.

Bibi alikuja mbio. "Mwana wanje, mwanangu, hayo maji hata chura anayakimbia! Umemwokoa ili umuue?"

Tulimwosha kwa maji ya kisima, bibi akamfunga kifuani kwa kitenge. Mama akamlisha maziwa ya mbuzi, halafu dagaa, dagaa wetu wote. Mwezi mzima, au miaka kumi kwa hesabu ya tumbo langu, tulikula ugali kwa chumvi. "Mgeni wako ana meno mengi kuliko shukrani," mama aliniambia, huku akimwongezea.

Siku ya kumrudisha mtoni nililia tubaki naye.

"Mpeleke wewe," bibi akasema, "maana ndiwe uliyemkosea kwa maji."

Nikamweka ukingoni. Akayanusa yale maji kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akaingia.